Taa za Kitufe Chekundu

Siku niliyoripoti kazini kwa mara ya kwanza, katika karakana ya redio pale Kasulu, Mkuu wa Karakana hakukigusa hata cheti changu. Alikuwa Mpare mrefu, mkimya, aliyehamishiwa kwetu na serikali, na koti lake la kazi lilinyooshwa pasi kuliko mashati ya harusi ya watu wengine. Alininyooshea kidole mzee mmoja aliyekaa benchini na redio yake mapajani. "Haya binti, mhudumie babu." Nikaichukua ile redio, nikaanza kuelekea chumba cha ndani, kwenye meza nzuri na mwanga wa kutosha.

"Simama hapo! Unakwenda wapi na mali ya mtu?"

Nikasimama. Kumbe yule mzee naye alikwisha kunyanyuka, ananifuata nyuma. Mkuu akanirudisha kwenye meza ya mbele, ile iliyotazamana na benchi la wateja, akanipa bisibisi.

"Kitu cha mtu hufunguliwa mbele ya macho yake," aliniambia. "Ukitoa kipuri, mpe mkononi. Hata kama kimeungua, hata kama ni takataka. Akitaka kukitupa atakitupa mwenyewe. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Mkuu."

Nikaifungua redio pale pale. Kapasita moja ilikuwa imepasuka. Ni kile kikopo kidogo kinachotunza umeme na kuutoa polepole ili sauti isikwaruze. Nikaing'oa, nikalehemu nyingine, ile mbovu nikaiweka kiganjani mwa mzee. Akaitazama, akainusa, akaifunga kwenye ncha ya leso yake, akaenda nayo. Alikwenda kuifanyia nini, mimi sijui.

Ninyi vijana mnaoniletea simu zenu hapa nyumbani mnanicheka. "Bibi Vero, mbona unatukalisha kama tuko mahakamani?" Kaeni! Ndivyo nilivyofundishwa, na siku moja jambo hilo dogo lilifanya kazi ambayo vipaza sauti vya msikitini na kanisani vilishindwa kuifanya. Ndiyo habari ninayotaka kuwasimulia.

Chini ya Mkuu wa Karakana nilikaa hadi redio zilipopungua na karakana ikafungwa. Nikaenda kambini, kutengeneza mashine za kupampu maji za wakimbizi. Huko bosi wangu alikuwa Mratibu wa Ufundi, Mkongomani mwenye kicheko kikubwa, ambaye kila asubuhi alituambia, "Hii kazi iko ya batu, haiko ya mashini." Tulimwiga kwa utani, lakini pampu ikiharibika alikuwa wa kwanza kutembea kwenye foleni ya akina mama, akiwaeleza kwa kinywa chake mwenyewe ni kitu gani kilichovunjika. Nilimpenda sana. Mradi ulipokwisha aliondoka, nami nikahamia Kibondo, kwenye duka la Hajati.

Sasa huyo Hajati. Nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi, wapo waliokuwa na vyeo na magari ya kuendeshwa, lakini niliyemheshimu kuwapita wote ni yule mama. Naanza kulisema hilo ili msidhani napamba mbele ya safari. Wazazi wake walitokea Tanga, yeye alizaliwa hapa hapa. Akikasirika alitukana kwa Kiha kunishinda mimi Muha, lakini akitulia Kiswahili chake kilikuwa cha kwao pwani, laini, cha "mwanangu" na "ati". Goti lake la kushoto lilikuwa bovu na pikipiki aliiogopa kama nyoka. Dukani aliuza sindano, vitenge, betri na sola, na mimi nilikuwa na meza yangu ya ufundi barazani, upande wa mbele, wanakokaa wateja. Hilo ndilo sharti pekee nililompa. Alicheka akasema, "Kwani nani alitaka kukuficha?"

Taa za sola zilipofika tulizishangilia. Taa ndogo ya kutundika, yenye kipaneli chake cha kuweka juani asubuhi, na jioni mtoto anasoma bila moshi wa koroboi machoni. Hajati aliziuza kwa wingi, mpaka Busunzu na vijiji vya mpakani. Hata mdogo wangu Skola, aliyeolewa Busunzu na bwana mmoja mkulima anayeitwa Yona, nilimpelekea moja alipojifungua mtoto wa kike. Aliitundika juu ya chandarua ili akiamka kunyonyesha awashe bila kupapasa.

Kisha zikaanza kurudi moja moja, tumbo limevimba. Betri za taa hizo ni za lithiamu, na betri ya namna hiyo haitakiwi kushibishwa kupita kiasi. Ndani ya taa huwekwa bodi ndogo ya ulinzi, saizi ya ukucha, ambayo kazi yake ni kukata chaji betri ikijaa. Nikapima kwa mita ya umeme, nikakuta bodi zinapitisha tu, hazikati. Betri inajaa, inaendelea kulishwa, inavimba, na ikichoka kuvimba inawaka. Nikagundua pia kwamba zote mbovu zina kitufe chekundu. Zenye kitufe cheusi zilikuwa salama kabisa.

Hajati akampigia simu Meneja wa Kanda wa kampuni ya taa hizo. Alikuja siku chache baadaye, kijana nadhifu, mpole, na tukamkaribisha chai. Wala hakubisha. Hata mita yangu hakuitaka.

"Tunajua," alisema. "Toleo la kitufe chekundu lina kasoro, kiwandani wanajua. Maelekezo ni kwamba mteja atakayelalamika abadilishiwe mara moja, bila maswali."

"Na asiyelalamika?" Hajati akauliza.

"Asiyelalamika... aachwe, mama."

"Aachwe mpaka iwake?"

Meneja akaweka kikombe chini. Nataka nimtendee haki, maana alisema neno la akili. "Hajati, nisikilize. Si kila taa itawaka, ni chache. Tukitangaza, watu wataogopa sola zote, hata nzima. Watarudi kwenye koroboi. Na koroboi imechoma nyumba ngapi huku kwenu? Si nyingi kuliko taa hizi?"

Hilo lilikuwa kweli. Hajati alikoroga chai yake muda mrefu, na sukari ilikwisha kuyeyuka zamani.

"Mwanangu," akasema, "mtu mwenye koroboi anajua analala na moto. Anaiweka mbali na majani, anaizima kabla hajafumba macho. Hii sisi tulimwambia si moto. Mimi kwa mdomo wangu huu nilimwambia, mama, hii haichomi, weka popote. Akaitundika kwenye chandarua cha mtoto. Sasa nani atakwenda kumwambia, kama si aliyemdanganya?"

"Hukumdanganya. Hukujua."

"Sikujua jana. Leo najua."

Meneja akainama. Aliondoka bila kutuahidi kitu. Nilitaka kumlaani, Hajati akanizuia. "Mwache. Yule kijana ana moyo, ila ana bosi."

Basi tukaanza kuziita taa sisi wenyewe. Siku ya gulio Hajati alikodi kipaza sauti, akatangaza: wenye taa za kitufe chekundu wazirudishe dukani, ni mbovu, watapewa nyingine. Imamu akatangaza baada ya swala ya Ijumaa, padri na wachungaji wakatangaza Jumapili. Vijana wa bodaboda wakalipeleka neno vijijini. Tukakaa barazani tukisubiri foleni.

Hakuja mtu.

Gulio la pili, hakuja mtu. Yebaba we! Nilidhani labda watu hawakusikia, lakini kila niliyemuuliza alisema amesikia, kisha anatazama pembeni. Mpaka mama mmoja muuza ndizi aliponivuta kanga, akaninong'oneza, "Bibi Vero, wewe ni mtu wetu, niambie ukweli. Ni kweli ndani mna zebaki?"

"Zebaki gani?"

"Si ile nyekundu, ya utajiri! Wanasema Hajati aliuziwa bila kujua, sasa Wazungu wamemstua, anataka kuzikusanya. Kuna watu wametoka Kasulu wanazitafuta kimyakimya."

Wazee wenzangu wanaikumbuka hadithi hiyo, ya zebaki nyekundu inayonunuliwa kwa mamilioni. Zamani ilikuwa kwenye redio kuukuu, ikahamia kwenye vyerehani, sasa imeingia kwenye taa. Nikaenda kumsimulia Hajati, akacheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Ghafla akaacha kucheka.

"Vero. Kitu cha thamani Muha hukificha wapi?"

"Ndani. Chini ya kitanda."

"Ee Mola wangu," akasema. "Tumezitoa kwenye chandarua, tumezipeleka chini ya kitanda."

Hapo ndipo nilipomkumbuka Skola. Nilikuwa nimempigia simu siku ya kwanza tu ya tangazo. Aliniambia Yona amekwisha kuitupa ile taa, na mimi nikatulia. Sasa sikutulia tena. Yona namjua. Hajawahi kutupa hata mpini wa jembe uliovunjika.

"Watu hawa hawatakuja tukiwaita," nilimwambia Hajati. "Ukimwambia mtu nipe kitu chako, anakishika zaidi. Mkuu wangu wa kwanza alinikataza kutoka na mali ya mtu mbele ya macho yake. Tusichukue taa. Tuwafuate, tuzifungue mbele yao, tuweke bodi nzima na betri nzima, tuwarudishie mkononi. Waone hakitoki kitu cha kuwafaa. Kinaingia."

Hajati akanitazama. "Na siku zote hizi ulikuwa wapi na maneno haya?"

"Nilikuwa nasubiri foleni, kama wewe!"

Akampigia simu Meneja pale pale, kwa sauti ya kumwita mtoto aliyepanda mti. "Sitaki unibadilishie taa. Nipe bodi na betri, watu ninao." Kisha nikasikia, "Nitaona, mama." Basi lililofuata lilileta boksi lenye jina la Hajati, limejaa betri na bodi, bila neno lolote juu yake. Alipata wapi ruhusa, hatukumuuliza.

Asubuhi iliyofuata Hajati alipanda pikipiki. Nasema alipanda pikipiki! Alifumba macho kutoka Kibondo mjini hadi Busunzu, akimsomea dua dereva wa bodaboda sikioni, na yule dereva akaniambia baadaye hajawahi kuendesha kwa adabu namna ile.

Tulimkuta Yona uani anapukuchua mahindi. Nyumba yake ni ya tofali, lakini paa bado lilikuwa la nyasi wakati ule.

"Mwakeye, shemeji," nikamsalimu. Aliitikia vizuri, akatuletea vigoda, akamshangaa Hajati na goti lake. Nikamuuliza kuhusu taa.

"Aa, ile? Ilikwisha kufa, shemeji. Niliitupa."

"Wapi?"

"Huko," akasema, na mkono wake ulionyesha dunia nzima.

Nilitaka kumjibu kwa ukali, nakiri nina ulimi. Hajati akanikanyaga mguu. Akatoa kwenye kikapu taa yake mwenyewe ya kitufe chekundu, aliyokuwa akiitumia chumbani kwake. "Haya fundi, nifungulie hii. Mwenye mali nipo. Bwana Yona, hebu tusaidie kushika vitu, mwenzetu macho yako mazima."

Nikafungua. Kila nilichokitoa nilikiweka kwenye viganja vya Yona. Aligeuza betri, akaipima uzito, akaichungulia pembeni.

"Hii nini?"

"Betri."

"Na hiki kidude?"

"Bodi ya ulinzi. Ndiyo mbovu."

"Na kingine?"

"Hakuna kingine. Tazama mwenyewe ndani, ingiza kidole."

Akaingiza kidole kweli. Akazungusha. Nikaweka betri mpya, nikalehemu bodi mpya, nikafunga, nikabonyeza kitufe, taa ikawaka mchana kweupe. Nikampa Hajati.

"Kimetoka nini?" Hajati akamuuliza.

"Vibovu."

"Vibovu viko wapi?"

Yona akatazama mikono yake. "Ninavyo mimi."

"Basi zebaki ukiiona humo, ni yako. Nimekupa mbele ya mashahidi."

Skola alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni. Alimtazama mume wake, akatazama taa, akaelewa kabla yangu. "Yona. Si uliniambia umeitupa?"

Yona akaviweka vile vibovu kwenye kigoda. Akaingia ndani. Tulisikia kitanda kikisogezwa, kisha akatoka na gunia dogo la maharage amelishika mbali na mwili wake, kama mtu aliyebeba mzinga wenye nyuki. "Ina joto," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Kumbe waliokuja kutoka Kasulu walikuwa wamemwambia kwamba zebaki isipokunywa jua inakufa. Kwa hiyo kila asubuhi Skola akienda kisimani, yeye aliianika taa nyuma ya nyumba, ishibe sawasawa, kisha anairudisha kwenye maharage chini ya kitanda. Kitanda anacholalia mtoto. Alikuwa ameiingiza muda mfupi tu kabla hatujafika.

"Iweke chini, shemeji. Pale kwenye mchanga. Polepole. Sasa rudi nyuma. Rudi!"

Plastiki ilikuwa imekwisha kupasuka kwa uvimbe. Ikafuka moshi mweupe wenye harufu kali, ikalia kama sufuria ya mafuta iliyodondokewa na maji, kisha ikawaka, na gunia likawaka nayo. Moto haukuwa mkubwa. Ulikuwa wa kutosha kwa nyumba ya paa la nyasi. Maharage yalipasuka moja moja ndani ya ule moto hadi yalipokwisha.

Skola alimtoa mtoto mgongoni, akamshika kifuani. Mimi nikakaa chini kwenye maganda ya mahindi nikalia kwa sauti, mtu mzima na mita yangu shingoni. Yona alisimama kando ya kigoda, macho kwenye vile vipuri vibovu vya Hajati. Hajati hakumgombeza. Alimwambia tu, "Mwanangu, nenda kawaite majirani. Waambie waje na zao. Waambie wakae hapa waone kwa macho."

Yona alikimbia. Sijaona mkulima akikimbia namna ile. Siku hiyo nilifungua taa mpaka vidole vikaota malengelenge, mwenye taa amekaa mbele yangu, viganja wazi. Neno likatoka Busunzu likaenda vijiji vingine kwa miguu ya Yona mwenyewe, kwa sababu yeye ndiye aliyeshuhudia na ndiye aliyeaminiwa. Gulio lililofuata watu walikuja, taa ziko ndani ya kanga, ndani ya makoti, moja ndani ya chungu. Betri zilizovimba tulizizika kwenye pipa la mchanga, wenye taa wakitazama.

Na nani alishuka kwenye basi saa tatu asubuhi? Meneja wa Kanda. Alivua saa, akakunja mikono ya shati, akaomba bisibisi. Hakuwa mwepesi, lakini alishinda nasi. Jioni akamwambia Hajati, "Mama, nitarudi kwa wakubwa nikawaambie nilichoona." Walisema nini huko kwao, sikuwepo. Ninachojua ni kwamba baada ya muda kiwanda kilitangaza chenyewe redioni kuziita taa zote za kitufe chekundu, nchi nzima, na mafundi wakatumwa na vipuri kuzifungua kwenye masoko. Nilisikia tangazo lile nikiwa mezani, nikaacha kulehemu nikasikiliza hadi mwisho.

Sasa nimestaafu. Nimerudi Kasulu, macho hayaoni tena vipuri vidogo vya simu zenu, na mnaponiletea ninazifungua kwa kubahatisha na miwani miwili. Mnaniuliza kama mtengenezaji anapaswa kuita vifaa vyake akijua vina kasoro, au asubiri wanaolalamika. Mimi sina elimu ya sheria. Lakini anayelalamika ni yule aliyeona. Mwenye shida ni yule ambaye hajaona, amelala, na kitu kiko chini ya kitanda chake. Aliyetengeneza ndiye pekee anayejua kilichomo. Akinyamaza, nani mwingine ataongea? Na akishaita, asidhani kazi imekwisha. Atoke ofisini awafuate watu, akae nao benchini, afungue mbele yao. Kuita bila kuaminiwa ni kelele tu, sisi tulijionea.

Hajati alitutoka mwaka huu. Alikuwa amekataza mambo makubwa, akataka azikwe upesi, kwa utulivu, na sisi tukatii, hatukutangaza popote zaidi ya msikitini. Lakini nilipofika Kibondo barabara ya kwenda makaburini ilikuwa haipitiki. Waislamu, Wakatoliki, Walokole, wakulima na majembe yao begani, akina mama wenye vikapu vya gulio. Wengine sikuwahi kuwaona isipokuwa viganja vyao, siku zile za taa.

Yona alikuwepo, mvi zimemwingia, na binti yake amesimama pembeni yake, mrefu sasa, kamzidi mama yake. Nikamwuliza, "Shemeji, nani aliwapa habari kule Busunzu?"

Akavua kofia. "Siku ile alituita, tukajificha," akasema. "Leo hatukuitwa na mtu. Tumekuja."